Saa Kumi na Mbili za Ziada

Barua ya Uhamiaji ilikuwa na kurasa mbili, na Injinia aliisoma akiwa amesimama mlangoni, koti bado liko mwilini. Shangazi yake alikuwa jikoni, yaani hatua tatu kutoka pale, akikaanga vitunguu kwa mkono mmoja na mkono wa pili ameukamata ukingo wa meza kwa ajili ya mgongo. Alikuwa na kigelegele tayari kooni tangu asubuhi. Alisubiri aambiwe tu akiachie.

"Wamekupa kibali?"

"Bado."

"Bado vipi? Barua nzima hiyo ni ya kukusalimia?"

Injinia alivuta kiti. Jina hilo alipewa na ukoo siku alipochaguliwa kusomea uhandisi wa maji ng'ambo, na sasa kwa kuwa amehitimu, hata watoto wa kule nyumbani walidhani ndilo jina alilozaliwa nalo.

"Wanasema nilivunja sheria nikiwa bado nasoma. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa ishirini kwa wiki. Wamechungulia malipo yangu ya miaka minne yote, wiki kwa wiki. Kuna wiki moja nimefanya saa thelathini na mbili."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unatoka kazini mbio kama nyumba inaungua, kisa saa zako zimetimia?"

"Wiki ya pili ya mwezi wa pili, shangazi. Mwaka huu."

Kitunguu kikaanza kuungua. Shangazi alizima jiko, akakaa polepole, kwanza mkono, halafu nyonga, halafu mwili wote, kama mtu anayejishusha kwenye beseni la maji ya moto. Hakuhitaji kuambiwa ilikuwa wiki gani.

Ilikuwa wiki ya mgongo. Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kufua mashuka ya hospitali: yeye kila siku, kwa mkataba, Injinia Jumamosi na Jumapili tu, saa nane nane. Jumanne ya wiki hiyo Shangazi alikuwa anavuta toroli la mashuka mabichi, gurudumu likakwama, akalinyanyua, na kitu kikamkatika kiunoni. Jumatano hakuweza hata kugeuka kitandani. Na pale kiwandani, ukikosa siku mbili mfululizo bila mtu wa kukushikia nafasi, umejifukuza mwenyewe. Basi Injinia akaacha vipindi vya Jumatano na Alhamisi, akaenda kushika nafasi, mpaka Shangazi alipojikongoja kurudi Ijumaa.

Wafanyakazi walikuwa na utaratibu wao kwa mambo kama hayo, na msimamizi aliujua akaufumbia macho: anayeshika nafasi anagonga kadi ya mgonjwa. Saa zinaandikwa za mgonjwa, mshahara unaingia kwa mgonjwa, na hakuna anayeuliza mikono ilikuwa ya nani. Lakini Shangazi, akiwa amelala kifudifudi na chupa ya maji ya moto mgongoni, alimwambia binti wa kaka yake: "Kadi yangu usiiguse. Sijala pesa ya kazi ambayo sikuifanya, na sianzi leo. Gonga yako. Jasho lako liandikwe lako."

Ndivyo lilivyoandikwa.

"Kwa hiyo," Shangazi alisema sasa, akiitazama barua ile bila kuigusa, "tungeiba kama watu wengine..."

"Ndiyo."

"...leo ungekuwa na kibali."

"Ndiyo, shangazi."

Idara ya maji ya jiji ilikuwa imemwekea Injinia kazi kwenye maabara yake hadi mwisho wa mwezi. Uhamiaji walimpa siku kumi na nne za kujieleza. Wakimkatalia, angekuwa na siku thelathini za kufunga mizigo. Waliyahesabu yote hayo mezani, na vitunguu vile hakuna aliyevila.

*

Wakili wa bure alipatikana Alhamisi tu, kwenye chumba cha chini cha maktaba, kati ya stoo ya viti vibovu na choo. Walipewa namba arobaini na moja. Wengi waliokuwa kwenye foleni walikuwa vijana wenye vyeti ndani ya bahasha za plastiki. Mmoja, mwenye shahada mbili za mambo ya benki, alikuja na baiskeli yake hadi ndani kwa sababu alikuwa anasambaza vyakula na hakutaka iibiwe. Simu yake ililia mara tatu, mteja anauliza supu yake iko wapi.

"Mwambie iko kwa wakili," Shangazi alimwambia, na watu wakacheka kidogo, halafu kila mtu akarudi kwenye namba yake.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa anakula mkate huku anasoma. Aliisoma barua kwa dakika mbili.

"Hizi saa ulifanya kweli?"

"Nilifanya kweli," alisema Injinia. "Shangazi aliumia. Tulifanya kwa nia njema, na kwa uwazi. Ndiyo maana ziko kwenye kadi yangu."

"Wao wanahesabu saa. Nia hawana mashine ya kuihesabia." Wakili alifuta vidole. "Ukiwaandikia ukweli, umewasaidia. Umekiri. Watakushukuru kwa ukweli wako, halafu watakukatalia. Nimeshaona hiyo, tena si mara moja."

"Sasa tufanye nini, mama wakili?" Shangazi aliuliza.

"Kama kiwanda kitaandika kwamba kadi ilikosewa, kwamba siku hizo mbili ni za mfanyakazi mwingine, faili linafungwa. Barua ya kiwanda, na sahihi ya huyo mfanyakazi."

"Mfanyakazi gani?"

Wakili aliinamia mkate wake. "Mimi sijui. Na naomba msiniambie."

Walipotoka nje Injinia alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliongea njia nzima: kwamba ni karatasi moja tu, kwamba msimamizi ni mtu mwelewa, kwamba kwa kweli hata si uongo mkubwa, kwa sababu nafasi ilikuwa ya shangazi tangu mwanzo. Shangazi aliitikia "eeh, eeh". Alikuwa anafikiria siku mbili tupu.

Siku hizo mbili tupu kwenye kadi yake zilikuwa ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo katika nchi ile. Alikuwa amepeleka madai kwenye bima ya ajali kazini. Kiwanda kilisema aliumia nyumbani, huenda akisukuma godoro. Lakini kadi ilionyesha Jumanne alifika mzima, na Jumatano na Alhamisi hakuonekana, na daktari wa zahanati aliandika vivyo hivyo. Ofisa wa bima alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba kadi ile inatosha. Madai yakipita, angetibiwa, angepewa kazi nyepesi upande wa pasi, na kibali chake cha kazi kisingefutwa mpaka apone. Yasipopita, mkataba wake ulikuwa unakwisha baada ya miezi mitatu, na hakuna kiwanda kinachompa mkataba mpya mtu asiyeweza kunyanyua shuka.

Injinia aliyajua madai hayo. Yeye ndiye aliyejaza fomu.

*

Upande wa maji wa kiwanda kulikuwa na mvuke na kelele, watu wanaongea kwa kupiga mayowe kama wako ng'ambo mbili za mto. Mama Pacha, aliyesimama na Shangazi kwenye mashine ya kukamua kwa miaka sita, alisikia habari yote akaweka mikono kiunoni.

"Yaani wewe, shoga yangu, umefilisika kwa uaminifu! Mimi na mdogo wangu tumetumia kadi moja mwaka mzima. Mwaka! Aliyezaa ni yeye, aliyegonga ni mimi, na zawadi ya mfanyakazi bora akapewa yeye!"

"Nikucheke au nikulilie?"

"Jicheke wewe. Na huyo Injinia wako ana shahada ya nini? Si alikuwa anajua kuhesabu mpaka ishirini?"

"Alinitii mimi."

Mama Pacha aliona uso wake, akaacha utani. "Nenda kwa Bwana Taratibu," alisema. "Leo yuko vizuri, amekuja na viatu vipya."

Msimamizi waliyempa jina hilo hakuwahi kupandisha sauti. Alimkaribisha Shangazi kiti, jambo ambalo hakulifanya hata wiki ile ya mgongo, akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, hili ni jambo dogo. Makosa ya kadi yanatokea. Nitakuandikia mimi mwenyewe."

"Asante sana, bosi."

"Binti ni mhitimu wetu sote. Ametoka hapa hapa." Aliandika, akachapisha, akamsukumia karatasi. Ilikuwa na mistari mitano. Ilisema kwamba Jumatano na Alhamisi za wiki ile yeye, mwenye kadi namba fulani, alikuwa kazini zamu kamili, upande wa maji, akiwa na afya njema, na kwamba kadi ya binti wa kaka yake iligongwa badala ya yake kwa makosa.

Shangazi alisoma polepole. Lugha ile alijifunza ukubwani, na akisoma ilimbidi apitishe kidole.

"Bosi, haya maneno ya afya njema..."

"Ni ya kawaida, mama."

"Tunaweza kuyatoa?"

"Tukiyatoa watauliza ulikuwaje. Barua ikiulizwa, si barua tena." Alitabasamu. "Nakala moja itaenda Uhamiaji. Nyingine inabaki kwenye faili lako hapa. Na kama bima wataiomba, mimi siwezi kuwaficha. Mimi nafuata taratibu."

Hapo ndipo Shangazi alipoelewa kile kiti alichokaribishwa ni cha nini. Kiwanda kilikuwa kinapigana na madai yake tangu mwezi wa tatu bila kupata pa kushika. Sasa amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, akiomba.

"Naomba nikaisome nyumbani," alisema.

"Kabisa. Chukua muda wako. Siku zimebaki ngapi? Tano?"

*

Kaka yake alipiga simu jioni ile, na sauti yake ikajaa chumba chote, kwa sababu alikuwa anaamini kwamba mtu aliye mbali lazima apigiwe kelele.

"Dada! Huku watu wananiuliza, Injinia ameanza kazi? Nawaambia bado mambo ya makaratasi. Wanacheka. Wanasema mtoto wa fulani naye alikuwa na makaratasi, akarudi na begi la mgongoni!"

"Waambie wavumilie."

"Mimi navumilia, wao ndio hawavumilii. Dada, mtoto ni wako. Mimi nilikukabidhi, sina la kuongeza."

Mkewe alimnyang'anya simu. "Wifi, usimsikilize huyu. Mgongo unaendeleaje? Mwambie mwanangu akishapata kazi anilete na mimi niione hiyo baridi, kabla magoti hayajakataa!"

"Utaiona, wifi. Utaichoka."

Walicheka, wakaagana. Injinia alikuwa ameketi mezani muda wote huo, karatasi ya Bwana Taratibu iko mbele yake. Hakupitisha kidole, aliisoma kwa mtazamo mmoja kama watu waliosoma wanavyosoma. Kisha akairudia, na safari ya pili macho yake yakasimama mstari wa tatu.

"Afya njema imefuata nini hapa?"

"Lugha yao ya ofisini."

"Na madai yako ya bima?"

"Mgongo ni wangu, utanifuata popote nitakapokwenda. Hauhitaji fomu."

Injinia hakucheka. Alikuwa anachezea pembe ya karatasi, anaikunja, anaikunjua.

"Basi usisaini, shangazi," alisema.

Alisema akiitazama karatasi.

Shangazi aliisubiri ile kauli ije mara ya pili. Ndani ya moyo wake alikuwa ameshaamua: akiirudia, hata kwa sauti ndogo, hata kwa kuguna tu, ataichana karatasi hapo hapo, wakae chini watafute njia nyingine, na kama njia hakuna wafunge mizigo wote wawili. Mara moja mtu anasema kwa adabu. Mara mbili anasema kwa kumaanisha. Alisubiri mpaka birika likachemka na kujizima lenyewe.

"Sukari imebaki?" Injinia aliuliza.

"Ipo kabati la juu."

Shangazi alichukua kalamu.

*

Kibali kilikuja siku ya tisa baada ya karatasi kupelekwa, kadi ndogo ngumu yenye picha, na safari hii kigelegele kilitoka. Kilimchoma kiunoni akakikatisha katikati. Kwenye kundi la simu la ukoo zilimiminika pongezi, maua, mikono iliyokutanishwa, na sauti ya kaka yake ikisema kwamba wale wacheka watu sasa wamepata jibu. Mtu mmoja aliandika: "Na hongera kwa shangazi." Ujumbe huo ukazama chini ya mingine.

Injinia alianza kazi maabara. Alirudi jioni na shati jeupe na harufu ya dawa, akieleza jinsi wanavyopima maji kutoka kila mtaa, jinsi mkuu wake alivyoshika kikombe cha maabara kwa makosa akataka kunywea kahawa. Shangazi alizipenda hadithi hizo. Mshahara wa kwanza ulipoingia, Injinia alimletea mkanda wa mgongo, mpana, wenye vyuma ndani, wa bei ambayo hakutaka kuitaja lakini aliisahau risiti ndani ya boksi. Ilikuwa mishahara miwili ya wiki ya kufua.

"Huu ni mzuri," Shangazi alisema. "Nitaonekana kama askari."

Barua ya bima ilikuja wiki hiyo hiyo. Waliandika kwamba kutokana na taarifa mpya kutoka kwa mwajiri, iliyotiwa sahihi na mdai mwenyewe, madai yamefutwa. Waliongeza kwamba safari hii hawatachukua hatua kuhusu maelezo ya awali yasiyo sahihi. Kwa maneno mengine walimwita mwongo, halafu wakamsamehe. Aliikunja mara nne akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Injinia alikuta kitambaa kimevimba, akakilainisha kwa kiganja, akaweka sahani juu yake.

Kiwandani alivaa mkanda ndani ya ovaroli na kuomba ahamishiwe upande wa pasi, kwa mwezi mmoja tu. Bwana Taratibu alimpokea akiwa amesimama. Kiti kilikuwa na mafaili.

"Upande wa pasi ni wa wagonjwa, mama. Wewe una afya njema. Umeandika mwenyewe."

"Bosi, sisi wawili tunajua."

"Mimi najua kilichoandikwa."

Alirudi kwenye toroli. Mama Pacha alijitahidi kumnyanyulia, lakini mashine ina kasi yake, na anayenyanyua za watu wawili anachelewesha kumi. Zikaanza kelele. Kwanza kwa utani: "Bibi harusi, tunakungoja!" Halafu bila utani. Mwezi wa mwisho wa mkataba alikuwa anafikisha nusu ya mashuka aliyotakiwa, na kila jioni namba hiyo ilibandikwa ukutani pamoja na namba za wengine, ya kwake kwa wino mwekundu.

Mkataba haukuongezwa. Kibali chake kilikuwa kimefungwa kwenye kazi ile, kwa hiyo kikafa pamoja nayo.

"Ningekuwa na kadi mbili ningekupa moja," Mama Pacha alimwambia langoni, akajaribu kucheka, ikashindikana.

*

Injinia ndiye aliyeileta habari ya wategemezi. Mwenye kibali kama chake aliruhusiwa kukaa na watu wake wa karibu. Alikuwa ameisoma sheria yote wakati wa mapumziko ya mchana.

"Kuna mume au mke, watoto, na wazazi," alisema. "Shangazi hawajamwandika."

"Hawana mashangazi hawa?"

"Wanao. Ila kwao shangazi ni mtu wa kumtumia kadi sikukuu." Alisogeza kiti karibu. "Nitasema wewe ni mama yangu. Jina la ukoo ni moja. Miaka inakaribiana. Nani atakayejua?"

Shangazi alikuwa anakata mkate. Kama mtu angemwambia mwanzoni mwa mwaka kwamba atakaa mezani kupanga uongo wa pili, angemfukuza na kisu hicho hicho. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa umeshafungua mlango, na wa pili ulipita bila kubisha hodi. Aligundua pia, kwa aibu, kwamba neno lile limemwingia vizuri. Hakuwa amezaa.

"Sema utakavyoona inafaa, mwanangu," alisema.

Siku mbili zilizofuata alijifunza tarehe ya kuzaliwa ya Injinia kama mtoto anayejifunza sala. Mwezi alikuwa anaujua. Siku ndiyo ilikuwa inampotea. Alijifunza pia uzito aliozaliwa nao, kama wangeuliza.

Walikwenda asubuhi ya Jumatatu. Injinia alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kazini na alikuwa anatazama simu kila baada ya muda. Ukumbi ulikuwa na madirisha kumi na moja, viti vya chuma vilivyoshikamana, na tangazo kwamba kuwatukana wafanyakazi ni kosa. Shangazi alivaa gauni lake la bluu na, ndani yake, mkanda. Ulimfanya akae wima kuliko watu wote pale, kama aliyekuja kuwakagua.

Waliitwa dirisha la nne. Karani alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Alichukua kadi ya Injinia, akaisifia kwamba picha imetoka vizuri, akaanza kuandika.

"Unataka kuongeza mtegemezi. Mume?"

"Hapana. Sina mume."

"Mtoto?"

"Hapana."

"Mzazi, basi. Baba au mama?" Akamtazama Shangazi kupitia kioo, akamwinamishia kichwa kwa heshima. Shangazi naye akainamisha. Tarehe ilikuwa mdomoni tayari.

"Subiri kidogo," Injinia alisema. "Nikimwandika mama sasa, baadaye..."

"Mama unaandika mmoja. Akishaingia kwenye faili hafutwi, hata akiondoka. Sheria hiyo waliweka kwa sababu ya watu wenye mama watatu." Karani alipenga kamasi. "Na tukigundua si mama, kibali chako kinafutwa siku hiyo hiyo. Nalazimika kukuambia, namwambia kila mtu. Kwa hiyo? Huyu ni nani wako?"

Nyuma yao mtoto alikuwa anapiga kiti kwa kiatu, na mama yake anamkataza kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Shangazi hakugeuka kumtazama binti wa kaka yake. Alitazama mbele, kwenye kioo, na ndani ya kioo aliwaona wote wawili: yeye, wima, na pembeni yake shati jeupe linalopumua haraka haraka. Aliona midomo ya yule kwenye kioo inafunguka, inafungwa, inafunguka tena.

"Ni shangazi yangu tu," alisema Injinia.

Karani aliinua mikono kidogo kutoka kwenye vitufe. Alionekana kusikitika kweli. "Shangazi hayumo."

"Najua."

"Kama muda wake umekwisha, aende dirisha la tisa. Ni la wanaoondoka. Foleni ni fupi."

Ilikuwa fupi kweli. Injinia alimshikia koti. Alianza kusema jambo, akasema "shangazi, mimi...", na Shangazi akamgusa mkono, akamwambia atazame saa, asichelewe kazini, kazi mpya haichelewewi. Injinia alitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini. Akabaki amesimama hapo hapo, amekumbatia koti.

Karani wa dirisha la tisa alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi. Aliuliza maswali bila kuinua kichwa: jina, tarehe ya kufika, kazi ya mwisho. Shangazi alijibu yote, na kila jibu lilikuwa la kweli.

"Sababu ya kuondoka? Ugonjwa, kukosa kazi, familia, au nyingine?"

Shangazi alifikiri kidogo.

"Familia," alisema.

Karani aliandika, kisha kwa mara ya kwanza akainua uso, akatabasamu.

"Vizuri," alisema. "Watafurahi kukuona."